Mjamzito hakuhuishiwa mkataba "kwa sababu Bunge limeisha": ubaguzi unathibitishwaje CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)?

Mzabibu_Mwekundu:

Wakuu, habari za jioni.

Ninaandaa karatasi ya kurasa mbili kwa ajili ya wahudumu wa hoteli, wafanya usafi na wauzaji wa maduka makubwa hapa Dodoma mjini. Kwamba ubaguzi kazini umekatazwa, hilo halina ubishi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366, kimetaja sababu moja moja: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu atokako, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na nyinginezo. Ninapokwama ni kwenye uthibitisho. Hakuna mwajiri anayeandika "tunakuacha kwa kuwa una mimba". Anaandika "mkataba wako umefikia ukomo", basi.

Hapa kwetu kuna mikataba ya miezi mitatu mitatu inayofuata ratiba ya vikao vya Bunge. Bunge la bajeti likiahirishwa mwishoni mwa Juni, watu wanapunguzwa, na dada mwenye mimba ndiye anakuwa wa kwanza. Akiuliza, jibu ni "wageni wamepungua". Je, kisheria ana pa kushika? Anapeleka nini mezani? Na muda wa kufungua shauri ni siku ngapi hasa, maana nimesikia 30 na nimesikia 60.

Naomba majibu ya kiutendaji, ya kumpa mtu ambaye hana wakili.

Kifungu_cha_Saba:

Ndugu Mzabibu, karatasi yako ianze na kipengele ambacho wengi hawakifikii kwa sababu kiko chini kabisa ya hicho kifungu cha 7: mzigo wa kuthibitisha. Kwenye madai ya kawaida anayedai ndiye anayethibitisha. Kwenye ubaguzi kazini, mfanyakazi akishaonyesha kwa awali kwamba ametendewa tofauti kwa mojawapo ya sababu zilizotajwa, mzigo unahamia kwa mwajiri. Sasa yeye ndiye athibitishe kwamba jambo hilo halikutokea, au lilitokea lakini si kwa sababu hiyo, au linaangukia kwenye yale ambayo sheria yenyewe inayaruhusu.

Maana yake ni kwamba mfanyakazi hatakiwi kuusoma moyo wa meneja. Anatakiwa kupanga tarehe na kulinganisha watu. Hayo mawili ndiyo kesi yenyewe.

Chukua mfano wako wa hoteli. Mhudumu amefanya kazi kwa mikataba minne mfululizo ya miezi mitatu. Tarehe 12 Mei anapeleka barua ya kuwa mjamzito. Kuanzia 20 Mei zamu zake zinashuka kutoka sita kwa wiki hadi tatu. Tarehe 28 Juni anapewa barua kwamba mkataba unaoisha tarehe 30 hautahuishwa. Wahudumu wote wa sakafu ni wanane. Saba wamehuishiwa, yeye hapana. Na tarehe 10 Julai wameingia wahudumu wapya wawili.

Ukiyaweka hayo kwenye ukurasa mmoja kwa mpangilio wa tarehe, "wageni wamepungua" haisimami tena yenyewe. Kama wageni wamepungua, hao wawili wa Julai wameajiriwa wahudumie nani? Na kama mtu mmoja alilazimika kupungua, kilitumika kigezo gani kumchagua yeye kati ya wanane? Ni nani aliingia mwisho? Ni nani ana onyo kwenye faili? Mwajiri ambaye hakuwa na kigezo alichokiandika kabla ya uamuzi atapata tabu kukibuni mbele ya mwamuzi.

Lakini geuza mfano huohuo. Kama wote wanane hawakuhuishiwa, sakafu imefungwa na hakuna aliyeajiriwa baadaye, kesi ya ubaguzi imekuwa dhaifu sana hata kama dada ana mimba ya miezi saba. Mwambieni ukweli huo mapema, asije akapoteza miezi akifuatilia dai lisilo na mguu huku stahiki zake nyingine hajazidai.

Sasa huo "ukomo wa mkataba". Sheria inahesabu kutohuisha mkataba wa muda maalumu kuwa ni kuachishwa kazi, iwapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa kwa masharti yaleyale au yanayofanana. Matarajio hayo hayatoki hewani, na wala kuhuishiwa mara moja peke yake hakutoshi kirahisi. Yanatokana na mwenendo: umehuishiwa mara ngapi, umepangwa kwenye ratiba ya mwezi unaofuata, meneja amekuandikia "Julai utakuwa zamu ya asubuhi". Ujumbe kama huo wa WhatsApp ni dhahabu. Apige skrinishoti inayoonyesha jina, namba na tarehe, na simu yenyewe asiiuze wala kuifuta.

Jingine ambalo wengi hawalijui: kumzuia mfanyakazi kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi nako kunahesabiwa kuwa kumwachisha. Na sababu zinazotokana na ujauzito haziwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Nkuhungu_Mbili:

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Niongeze kwenye siku, maana hapo ndipo mashauri mengi mazuri yanapofia mlangoni.

Zote mbili ulizosikia ni sahihi, ila kila moja ina mahali pake. Mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi unafunguliwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine yote ni siku 60 tangu ilipozuka. Kwa hiyo dada wa mfano, kwa kuwa analalamikia kutohuishiwa, ahesabu 30. Asijipe 60 kwa kuwa ameuita "ubaguzi". Na mimi ningemshauri ahesabu tangu tarehe 28 Juni aliyopewa barua, si tarehe 30, ili kusiwe na mabishano. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo.

Zile 60 zinamfaa mtu ambaye bado yuko kazini: amepunguziwa zamu, amenyimwa mafunzo, amerukwa kwenye kupandishwa, analipwa pungufu kuliko mwenzake. Zinamfaa pia mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Huyu hana ulinzi wa sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo haki, na wengi wakisikia hivyo wanakata tamaa. Kifungu cha 7 hakina kikomo cha miezi sita. Kinamlinda hata anayeomba kazi tu, maana kwa ajili ya kifungu hicho neno "mfanyakazi" limemjumuisha mwombaji. Kwa hiyo mwenye miezi minne asiandike "nimeachishwa isivyo haki", aandike ubaguzi.

Ni hapo hasa fomu namba 1 ya CMA, ile F.1, inapowaumiza watu. Wanadhani ni fomu ya kujitambulisha tu. Hapana, F.1 ndiyo hati ya madai. Usichokiandika humo, huko mbele utaambiwa hukukidai. Kwenye aina ya mgogoro asiweke alama kwa haraka. Kwenye maelezo aitaje sababu kwa jina lake, "ujauzito", si "uonevu" au "kutotendewa haki". Sehemu B ni ya walioachishwa kazi peke yao. Aliye kazini akiijaza anajichanganyia mwenyewe. Na kwenye matokeo anayotaka aandike kitu kinachopimika: kurudishwa kazini, au fidia ya kiasi fulani, pamoja na malimbikizo ya zamu alizopunguziwa kuanzia tarehe fulani hadi fulani.

Kabla ya kuwasilisha, nakala ya F.1 lazima imfikie mwajiri, na Tume itataka uthibitisho kwamba imemfikia. Afungue shauri Dodoma kama mgogoro umetokea Dodoma, hata kama makao makuu ya kampuni yako Dar es Salaam. Kufungua hakulipiwi. Kama siku zimeshapita, kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, na inabidi aeleze amechelewa siku ngapi na kwa nini. Kulazwa hospitali au kujifungua, kukiwa na hati, ni maelezo. "Nilikuwa nazungumza na bosi" mara nyingi si maelezo. Hata kwenda kwa afisa kazi hakusimamishi saa ya CMA, na watu wanalikosea hili kila siku. Afisa kazi anaweza kukagua na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria, na ubaguzi wenyewe ni kosa la jinai, kwa hiyo nenda kwake pia. Ila F.1 iwe imeshapokelewa.

Baada ya hapo kuna usuluhishi wa siku 30, isipokuwa pande zikikubaliana kuongeza. Yanayosemwa humo ni siri na hayatumiki baadaye kama ushahidi. Asipofika mlalamikaji, shauri linaweza kufutwa. Asipofika mwajiri, msuluhishi anaweza kuliamua. Anaruhusiwa kwenda na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wakili au mwakilishi aliyemchagua. Kwa watu wa hoteli chama chao ni CHODAWU, maduka na viwanda wengi wako TUICO. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi au Mahakama Kuu, kulingana na aina yake. Tuzo ya mwamuzi, yaani uamuzi wake, isipomridhisha mtu, maombi ya marejeo Mahakama Kuu yana wiki sita tangu alipokabidhiwa tuzo.

Rasilimali_Watu_Dom:

Niongee kwa upande wa wanaoajiri, maana karatasi yako ikisomwa na mameneja pia itaokoa wengi.

Ubaguzi hauanzi siku ya kumwacha mtu, unaanza kwenye tangazo. Matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo na kurushwa kwenye magrupu yanafanana: "Anahitajika mhudumu wa kike, umri 20 hadi 25, asiye na mtoto, mwenye mvuto, awe mwenyeji wa Dodoma." Hesabu mwenyewe. Wa kike: jinsia. 20 hadi 25: umri. Asiye na mtoto: majukumu ya familia. Mwenyeji wa Dodoma: mahali mtu atokako. Sababu nne kwenye mstari mmoja, na matangazo na vigezo vya kuchagua watu vimetajwa waziwazi ndani ya kifungu cha 7. "Mvuto" haumo kwenye orodha, ila mara nyingi ndimo umri na jinsia vinapojificha.

Mwajiri atasema ni mahitaji ya kazi. Ndiyo, sheria inaruhusu kubagua kwa hitaji ambalo ni la lazima kwa kazi yenyewe. Lakini jipime: kazi ikifanywa na asiye na sifa hiyo, itaharibika? Mkaguzi wa chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake awe mwanamke, hiyo inaeleweka. Kubeba sahani hakuhitaji jinsia. Kama kazi inahitaji kusimama saa nane, andika "awe na uwezo wa kusimama saa nane". Kama inahitaji kufika saa kumi na moja alfajiri, andika saa hiyo, mwenye mtoto atajipima mwenyewe. Hapo umepata unachokihitaji bila kumfungia mtu mlango.

Yanayoruhusiwa ni machache: hilo la hitaji la lazima la kazi, hatua za makusudi za kuinua walioachwa nyuma, na kutanguliza raia kwa mujibu wa sheria ya huduma za ajira. Kwenye ulemavu sheria imeenda mbali zaidi ya kukataza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Hoteli ya watu 70 hiyo ni wawili na ushee, kwa hiyo panga watatu.

Kipimo cha VVU kwa lazima kimekatazwa na sheria ya 2008, iwe wakati wa kuajiri au baadaye. Kuhusu kipimo cha mimba kwenye usaili, swali ni moja tu: matokeo utayatumia kufanyia nini? Kama ni kuamua nani aajiriwe, umeshafika kwenye kifungu cha 7.

Na mameneja wajue kwamba kuajiri kupitia kampuni ya usafi au ulinzi hakuwaondoi moja kwa moja kwenye lawama. Katika kifungu hiki "mwajiri" ni pamoja na wakala.

Kwenye mshahara, mwanamke na mwanamume wanaofanya kazi yenye thamani sawa walipwe sawa. Angalia kazi, si cheo. Ukimwita mmoja "mhudumu" na mwingine "msimamizi msaidizi" huku wanabeba sinia zilezile kwenye zamu ileile, jina halitakusaidia.

Mtumba_Kilimani:

Kwa kuwa hapa ni Dodoma na karatasi itafika hadi Mji wa Serikali, weka mstari mmoja wa watumishi wa umma. Wao hawaanzii CMA. Tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya utumishi. Akikimbilia CMA atakutana na pingamizi la awali na shauri litatoka, na wakati huo siku za rufaa Tume ya Utumishi wa Umma zinaweza kuwa zimekwisha. Rufaa hiyo ni siku 45 tangu kupokea uamuzi, na nakala aipe mamlaka yake ya nidhamu. Msafishaji wa kampuni binafsi anayefanya kazi ndani ya wizara si mtumishi wa umma. Yeye ni CMA kama kawaida.

Lingine, bughudha. Kumbughudhi mtu kwa mojawapo ya zile sababu ni ubaguzi kwa mujibu wa kifungu cha 7, kwa hiyo asidhani lazima awe amefukuzwa. Na bosi akidai ngono ili ahuishe mkataba, hiyo ni rushwa ya ngono chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Apige TAKUKURU namba 113, bila malipo, kabla hajakubali wala kukataa kwa maandishi yatakayomshtua mtu.

Mzabibu_Mwekundu:

Wakuu, nashukuru sana. Limebaki moja. Kote mmetaja barua ya kuwa mjamzito. Wengi hawaiandiki, wanaogopa kwamba ndiyo itakayowafukuzisha. Wanasubiri tumbo lionekane. Na wanaoandika, wapo ambao meneja anakataa kuipokea.

Kifungu_cha_Saba:

Hofu hiyo naielewa, na sitambeza anayeificha. Ila kisheria kuificha kunamnufaisha mwajiri, kwa sababu utetezi wake wa kwanza ni "sikujua". Huwezi kusema nimebaguliwa kwa mimba ambayo mwajiri hakuijua. Barua inafunga mlango huo, na kila kitakachobadilika baada ya tarehe yake kinakuwa na maana.

Tena sheria yenyewe inaitaka: taarifa itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua, ikiwa na hati ya daktari. Ndiyo inayomfungulia likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Inamzuia pia mwajiri kumpanga usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya miezi miwili kabla ya kujifungua. Hati ikionyesha hawezi, hata mapema zaidi. Akirudi ana haki ya muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku.

Barua iwe fupi, mistari mitano: jina, kazi, kwamba ni mjamzito, tarehe ya matarajio, tarehe anayokusudia kuanza likizo. Asiombe radhi wala kuahidi kwamba "haitaathiri kazi". Achapishe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na kuwekwa tarehe.

Meneja akikataa, asigombane. Aipeleke Posta kwa rejista au EMS kwenye anwani ya kampuni na atunze risiti, kisha siku hiyohiyo aitume picha ya barua kwa WhatsApp au barua pepe anayoitumia meneja kikazi, na maneno haya tu: "Nimeleta barua hii leo ofisini, haikupokelewa, nimeituma kwa Posta." Akijibu lolote, hata "sawa", amekiri imemfikia.

Nkuhungu_Mbili:

Na kwenye mwisho wa mkataba atawekewa karatasi ya malipo yenye maneno "nimepokea stahiki zangu zote na sina madai mengine". Achukue hesabu, aisome, na kama hakubaliani aandike kwa mkono juu ya saini yake "nimepokea fedha tu, madai mengine yapo". Wakimkatalia kuandika hivyo, asisaini siku hiyo.

Vitu vya kuhamisha nyumbani kabla mambo hayajaharibika: picha za ratiba za zamu za miezi mitatu, mikataba yote ya nyuma na si wa mwisho tu, slipu za mshahara, na kadi ya kliniki, ukurasa wenye jina lake na ule wenye tarehe ya matarajio. Asiyepewa mkataba wa maandishi asikate tamaa. Mwajiri akishindwa kuuleta mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake yeye. Kwa deiwaka hilo ni kubwa: daftari la mahudhurio na miamala ya malipo kwenye simu vinatosha kuonyesha alikuwa kazini siku zipi. Taarifa ya miamala aiombe kwa mtandao wake mapema, kabla ya kwenda kujaza F.1, ili tarehe za humo zifanane na alizoandika kwenye fomu.